Majira na Nguvu za Watunzi katika Nchi ya Usukuma

Mwezi wa Januari, miaka kumi na minne iliyopita, nilikwenda katika kijiji kimoja kilichoko kusini ya mji wa Shinyanga kutafuta nyimbo. Wakati ule nilikuwa nikitayarisha tasnifu yangu ya udaktari, nami nilikuwa nimeelekezwa kwa mzee mmoja aliyesifiwa kuwa ningi hodari, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo za ngoma. Nilimkuta shambani, jembe mkononi, tope limempanda mpaka magotini. Alinikaribisha kwa adabu zote, akaniketisha chini ya mti, akaniuliza habari za wazazi wangu, kisha akanieleza kwa upole kwamba hana wimbo wa kunipa. Nikarudi siku ya pili na ya tatu. Jawabu lilikuwa lile lile. Siku ya nne nikapanda basi nikarejea chuoni, na katika sura ya mwisho ya tasnifu nikaandika kwamba utunzi wa nyimbo za ngoma katika nchi ile unakufa, na kwamba watunzi waliosalia wamechoka. Wasahihishaji waliipenda sentensi ile, na tasnifu ikapita.

Sentensi ile si kweli. Miaka mitatu baadaye nilipita kijiji kile kile mwezi wa Juni kwa shughuli nyingine, nikamwona mzee yule yule amesimama juu ya kichuguu, watu mamia wamemzunguka, akitoa wimbo baada ya wimbo tangu saa tisa ya mchana hata jua likazama, na nusu ya nyimbo hizo zilikuwa mpya. Hakuwa amechoka, wala sanaa yake haikuwa imekufa. Mimi ndiye niliyekwenda kwa majira yasiyo yake. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma upya maandiko ya zamani juu ya Usukuma, kila mara nikijiuliza jambo moja ambalo zamani sikulijali: mwandishi huyu alifika mwezi gani? Nimeona kwamba kosa langu lina ndugu wengi, na baadhi yao ni wakubwa kuliko mimi.

Kwamba majira hutawala nguvu za mtunzi si neno geni. Edward Phillips, mpwa wa mshairi Milton, aliandika mwaka 1694 kwamba mjomba wake hakutunga kwa raha ila kati ya sikusawia ya Septemba na ile ya Machi, na kwamba kazi aliyojaribu wakati wa joto haikumridhisha. Samuel Johnson alipoandika maisha ya Milton karibu miaka tisini baadaye aliicheka imani hiyo; kwake yeye, mtu mwenye akili timamu aweza kuandika wakati wowote akijifunga kibwebwe. Pushkin naye, aliyezuiliwa na karantini ya kipindupindu kijijini Boldino katika miezi ya Septemba hadi Novemba mwaka 1830, aliandika katika miezi hiyo mitatu kazi ambayo wengine hawaifikii kwa miaka mingi. Na mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake, huko Marekani, walieleza habari za watu ambao moyo wao huzama kila majira ya baridi na kuinuka tena siku zinaporefuka, wakalihusisha jambo hilo na upungufu wa mwanga.

Maelezo hayo yote ni ya nchi ambazo siku yake ya Desemba ni fupi sana na ile ya Juni ni ndefu sana. Shinyanga iko kadiri ya digrii tatu na nusu hivi kusini ya ikweta. Tofauti kati ya siku ndefu kabisa na fupi kabisa ya mwaka haifiki hata nusu saa. Jua la Januari na jua la Juni ni jua moja. Kwa hiyo, ikiwa nguvu za mtunzi wa Kisukuma hupanda na kushuka, nasi tumeona kwamba hupanda na kushuka, sababu yake haimo katika nuru. Imo katika mvua, na mvua yenyewe haimgusi mtunzi moja kwa moja, bali humpitia kwa njia ya jembe, ya ghala na ya jirani zake.

Yafaa nieleze mwaka wa nchi ile kwa msomaji asiyeujua. Mvua huanza mwezi wa Novemba, wakati mwingine mwisho wa Oktoba, hupumzika kidogo mwezi wa Januari au Februari, kisha hurudi na kwisha katika mwezi wa Mei. Shinyanga hupata kadiri ya milimita 600 mpaka 900 kwa mwaka. Geita, iliyo karibu zaidi na ziwa, hupata kupita hizo. Kutoka Juni hadi Septemba ni ukavu mtupu. Basi kazi yote ya kulima, kupanda na kupalilia husongamana katika miezi michache, na katika miezi hiyo hiyo ndipo ghala hukaribia kuwa tupu, kwa kuwa mavuno ya mwaka uliopita yamekwisha liwa na mapya bado hayajakomaa. Januari na Februari ni miezi ambayo mwili hudaiwa nguvu nyingi kuliko wakati wowote, na hupewa chakula kidogo kuliko wakati wowote. Mimi, niliyekuwa nimekula wali na kunywa chai mjini asubuhi ile, nilimwomba mtu wa hali hiyo animwagie mashairi.

Kisha mambo hugeuka. Mtama na mahindi huingia ghalani kuanzia Mei, pamba huvunwa, na msimu wa kuuza pamba hufunguliwa. Ndipo ngoma huanza. Vyama vikuu vya ngoma vya Wasukuma ni viwili, Wagika na Wagalu, na mapokeo husema kwamba asili yake ni ugomvi wa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindania ukubwa. Mashindano yao yana sheria ambayo nisingependa msomaji aipite haraka. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na anayeshinda si yule aliyesifiwa na waamuzi, ila yule aliyevuta watu wengi zaidi. Watazamaji wana miguu. Wakichoshwa huku hukimbilia kule. Kwa hiyo kila upande huja na wimbo usiopata kusikiwa, na kioja kisichopata kuonwa, na dawa za kuvutia watu. Mtunzi aliyerudia wimbo wa mwaka jana huachwa amesimama na mkewe na mbwa wake.

Sheria hiyo yaonyesha kwamba upya wa utunzi wategemea umati, na umati wategemea shibe. Hapana wimbo wa mashindano mwezi wa Januari kwa sababu hapana wa kuuhukumu: watu wote wameinama. Hata mapadri walilitambua jambo hili. David Clement, padri Mkanada aliyejenga parokia ya Bujora karibu na Kisesa katika miaka ya 1950, na ambaye baadaye alianzisha hapo nyumba ya makumbusho ya Wasukuma, aliiunganisha sikukuu ya Ekaristi na ngoma za wenyeji, ikawa sikukuu ya Bulabo, yaani ya maua. Sikukuu ile huangukia Mei mwishoni au Juni. Kalenda ya Roma na kalenda ya ghala zilikutana, na nadhani hiyo ni sababu moja ya Bulabo kudumu hata leo.

Lakini hapo nilipofika pana hatari ya kosa jingine, nalo ni kudhani kwamba kiangazi ni majira ya sanaa na masika ni majira ya kimya. Siku zile tatu za Januari sikuwa katika kimya. Jirani na shamba la mzee lilikuwako kundi la vijana wakilima kwa mstari, ngoma ikipigwa mbele yao, majembe yakipanda na kushuka pamoja, na mmoja akiongoza wimbo. Hicho ndicho kilimo cha bugobogobo. Niliwasikia, nikawaandika katika daftari kwa maneno mawili: kelele, kazi. Sikufahamu kwamba kundi lilimalo pamoja masika ndilo lichezalo pamoja kiangazi, na kwamba ngoma ya jembe ninayoitazama jukwaani siku hizi, majembe yakirushwa hewani na kudakwa, ni kazi ile ile iliyovuliwa jasho. Mpigo wa wimbo hujaribiwa shambani. Wimbo usioweza kuinua majembe ishirini asubuhi ya baridi hauwezi kuinua umati wa watu elfu. Masika, basi, ni majira ya kupima mapigo na kukusanya visa, kwa maana visa vyote vya mwaka, nani mvivu, nani kaiba ng'ombe, nani kaachwa na mke, hutokea watu wanapofanya kazi bega kwa bega. Kiangazi ni majira ya kuvitoa hadharani.

Sasa nirudi kwa ndugu zangu wa kosa. Msomaji wa historia anajua kwamba Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wapagazi mashuhuri wa karne ya 19. Misafara yao ilifuata mvua kama ngoma zilivyofuata mvua: walishuka pwani baada ya mavuno, na wengi walitaka kuwa nyumbani wakati wa kupanda. Wageni waliosafiri kwa kufuata desturi hiyo walifika salama. Speke aliondoka Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi wa Julai 1858, akapita kaskazini katika Usukuma, na mwanzo wa Agosti akasimama Mwanza akilitazama ziwa. Safari yenyewe haikuchukua hata mwezi mzima. Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, mvua zikianza, akafika Kageyi katika pwani ya ziwa tarehe 27 Februari 1875, akiwa amepoteza watu wengi kwa njaa, maradhi, vita na utoro. Njia zao hazikuwa moja kwa sehemu kubwa, wala sisemi kwamba majira peke yake ndiyo yaliyowatenganisha. Lakini mtu akisoma vitabu vyao kwa pamoja bila ya kutazama tarehe, atadhani kwamba wamepita katika mabara mawili mbalimbali: moja la shibe, jingine la njaa.

Maofisa wa utawala wa Kiingereza waliokuja baadaye walikosea kinyume cha nilivyokosea mimi. Barabara za mbuga, penye udongo mweusi unaonata, hazipitiki masika. Motokaa huzama mpaka ekseli. Kwa hiyo ofisa alisafiri kiangazi, na kila alikofika alikuta pombe, ngoma na watu waliokaa barazani. Akaandika uvivu. Robert Chambers, katika kitabu chake cha mwaka 1983 juu ya maendeleo ya vijijini, aliwaonya wataalamu wa siku zetu juu ya upofu huu wa kutembelea wakulima wakati wa ukavu tu, wakati ambapo njaa na ugonjwa na kazi nzito havionekani. Onyo lilikuja baada ya majalada kwisha kujaa. Na hata kiangazi chenyewe hakikuwa cha kukaa tu. Katika miaka ya 1920, Swynnerton alipopambana na mbung'o Shinyanga, maelfu ya watu walitoka kwa wito wa machifu wao kufyeka vichaka, kazi ya sulubu iliyofanywa wakati wa ukavu. Watu wale wale walioitwa wavivu.

Nimeyapekua majalada ya Hans Cory yaliyomo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Cory, aliyetoa kitabu chake cha sheria na desturi za Wasukuma mwaka 1953, alikuwa msikivu kuliko wengi, na nyimbo na ngoma alizipenda. Ningewashauri wanafunzi wanaotumia majalada kama hayo waweke pembeni ya kila hati mwezi wa kuandikwa kwake, pale unapojulikana, kabla ya kuweka hata jina la mwandishi.

Pamba iliongeza ukali wa tofauti ya majira. Zamani kiangazi kilileta chakula. Sasa kikaleta chakula na fedha kwa mara moja. Vyama vya ushirika vya wakulima, vilivyounganishwa mwaka 1955 katika Shirikisho la Victoria ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake, viliweka mizani mikononi mwa wakulima wenyewe, na mizani ile ilikuwa pia mahali pa kukutania. Penye mizani palikuwa na fedha, penye fedha palikuwa na ngoma. Mtunzi akapata zawadi ya shilingi juu ya sifa. Na mwaka ambao bei ya pamba ilianguka, ngoma ilidhoofika hata kama ghala limejaa; kwa hiyo majira yakaanza kutawaliwa na soko la mbali.

Hapo ndipo dhahabu inapoingia katika habari hii, na inaingia kwa namna ambayo sikuitazamia. Dhahabu ya nchi za ziwa iligunduliwa na Wajerumani katika miaka ya 1890. Mgodi wa Geita ulifanya kazi tangu 1936 mpaka 1966. Na huko Mwadui, karibu na mji wa Shinyanga, Mkanada John Williamson alikuta almasi mwaka 1940. Waajiri wa Tanganyika walilalamika mara nyingi kwamba vibarua huwatoroka mvua zikianza. Kibarua hakujiona mtoro. Aliona kwamba majira yake yamefika. Ila mgodi mkubwa una dawa ya ugonjwa huo, nayo ni zamu. Mgodi mpya wa Geita, uliofunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu uliofuata 2001, huchimba usiku na mchana, Januari kama Julai. Na huko Bulyanhulu, chini ya ardhi, hakuna masika wala kiangazi. Joto ni moja, giza ni moja. Vijana wa vijiji viwili nilivyovijua, waliopata kazi za mshahara migodini, hawakuacha vyama vyao vya ngoma. Mmoja aliniambia kwamba kila Julai hutuma fedha za ngozi na njuga badala ya kwenda mwenyewe, kwa sababu likizo yake imeangukia Februari. Kundi lina njuga nzuri kuliko zamani, na wachezaji wachache.

Kwa wachimbaji wadogo hali ni nyingine kabisa. Wao mvua huwatawala zaidi hata kuliko mkulima, kwa maana mvua hujaza maji katika maduara na kulegeza udongo. Katika kambi moja ya upande wa Geita, mwezi wa Aprili, nilikuta karasha zimenyamaza, mwalo umefunikwa turubai, na vijana wasio na mashamba ya kurudia wamekaa vibandani siku ya tisa bila kushuka. Walikuwa wakitunga. Kijana mmoja aliyezaliwa katika kijiji cha Wagalu alikuwa na nyimbo sita, zote za mvua ile, akazirekodi kwa simu. Nilimwuliza kama hutunga kiangazi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa neno la kipumbavu: kiangazi maduara yamekauka, nani ana nafasi? Basi kwake kalenda ya babu yake imepinduka. Masika ndiyo likizo yake, ingawa ni likizo ya njaa, na nyimbo zake zina uchungu ambao sikuukuta katika nyimbo za Juni. Wako wasioweza kuivumilia njaa hiyo, wakashuka. Tarehe 13 Januari 2024, huko Ng'alita katika wilaya ya Bariadi, mkoa wa Simiyu ambao mpaka 2012 sehemu yake kubwa ilikuwa katika Shinyanga, udongo uliolowa mvua uliwafunika wachimbaji, wakafa watu 22. Mtu asiseme kwamba majira ni jambo la mashairi tu.

Kijana yule ndiye aliyenizuia nisimalize shauri hili kwa urahisi. Nilikuwa tayari kusema kwamba shibe huzaa wimbo na njaa huuua. Yeye alitunga na njaa. Alichokuwa nacho ni saa za bure na wenzake wa kumsikiliza, vitu viwili ambavyo mzee wangu wa Januari hakuwa navyo. Labda Johnson alikuwa na haki nusu: mtu aweza kutunga wakati wowote, lakini alisahau kwamba yeye mwenyewe alikaa London, ambako wakati wowote pana mtu barazani wa kumsikiliza.

Wafugaji wa Shinyanga wana desturi iitwayo ngitili. Hutenga sehemu ya malisho mvua zinapoanza, wasiiguse hata majani yakiwa mengi kila mahali, ili ng'ombe wapate cha kula kiangazi kikikolea. Desturi hiyo ilikuwa imedhoofika sana mpaka mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 na kwisha 2004, ulipowasaidia wanavijiji kuirudisha katika mamia ya maelfu ya hekta. Nilimpelekea mzee nakala ya tasnifu, ukurasa wa sentensi ile umekunjwa, nikamsomea. Alicheka kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba wakati ule nyimbo zilikuwapo, ila zilikuwa ngitili, nami nilitaka kuingiza ng'ombe mwezi wa Januari.

Sentensi ile bado imo maktabani, katika nakala zote. Januari iliyofuata nilikwenda tena, safari hii nikiwa na jembe, nikaomba nafasi katika mstari wa vijana wa bugobogobo. Sikufika nusu ya shamba kabla ya kuachwa nyuma, na kiongozi wao, bila ya kukosa pigo moja, akaingiza katika wimbo mwalimu wa chuo na mikono yake laini. Mstari wote uliitikia. Beti ile ninayo katika daftari, na tarehe yake pembeni, lakini sitaipiga chapa hapa.